Thumuni za Inchi na Hesabu ya Uniti

Je, wajua kwamba unene wa tyubu ya taa hupimwa kwa thumuni za inchi? T12 ni thumuni kumi na mbili, yaani inchi moja na nusu, au milimita 38. T8 ni inchi moja kamili. T5, mdogo wao, ana milimita 16 tu.

Tyubu nene ndiyo mkongwe. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza taa hizi mwaka 1938, na T12 ya wati 40 ikatawala ofisi na madarasa kwa miongo mingi. Wengi huhesabu wati 40 na kuishia hapo, wakaisahau choki. Choki ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, nayo inakula wati kama 10 za ziada. Taa ikishawaka kwa saa moja, choki huwa ya moto. Joto hilo limelipiwa, lakini halimuliki chochote.

Tuchukue duka linalowasha taa saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, na uniti moja kwa shilingi 350. T12 na choki yake itakula uniti 150, sawa na Sh 52,500. T8 ya wati 36 kwenye choki ya namna hiyo itakula kama uniti 135, Sh 47,250. T5 ya wati 28 yenye balasti ya kielektroniki badala ya choki hutumia karibu wati 32 kwa jumla: uniti 96, Sh 33,600. Kati ya mkongwe na mdogo kuna Sh 18,900 kwa tyubu moja. Mwenye tyubu kumi ajizidishie mwenyewe.

Mwanga nao ni sehemu ya bei. T12 iliyopakwa ndani unga wa zamani hutoa lumeni kama 2,500. T8 yenye unga wa fosfori tatu hutoa 3,350 kwa umeme kidogo zaidi. Na uzuri wa T8 ni kwamba ilitengenezwa iingie kwenye fremu ileile, kwa stata na choki zilezile. Fundi hana cha kubomoa. Kwa duka lenye mtaji mdogo, hapo ndipo pa kuanzia.

T5 haina huruma hiyo. Ni fupi kwa sentimita tano, na pini zake zimeachana milimita 5 badala ya 13, kwa hiyo lazima ununue fremu mpya. Lakini ina sifa inayofaa sana miji ya joto: hung'aa zaidi hewa inayoizunguka ikifika nyuzi 35, wakati T8 na T12 hupenda 25. Ndani ya fremu iliyofunikwa, chini ya bati la Dar es Salaam, tofauti hiyo ni kubwa.

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti: zebaki. Kila tyubu inayo, nene kwa nyembamba, na ikivunjwa jalalani zebaki hiyo huingia hewani na kwenye udongo. Ndiyo maana mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu za unga wa zamani ifikapo mwisho wa 2026, na za fosfori tatu mwaka mmoja baadaye. Anayepanga kununua fremu za T5 leo aulize kwanza bei ya tyubu ya LED ya wati 18, isiyo na zebaki wala choki: kwa saa zilezile 3,000 itakula uniti 54.