Mgebuka wa mawese: siku mteja aliponiuliza "umetoka wapi?"

Juni 2024 mteja wangu wa Dar aliniandikia WhatsApp: "Dada, ziwa si limefungwa? Hao migebuka unawatoa wapi?" Alikuwa ameshalipia kilo 20 za wakavu. Akataka hela yake irudi.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule ili samaki wazaliane. Mzigo wangu niliununua hapa Ilagala kabla ya tarehe hiyo, ila tangazo langu lilisema tu "samaki watamu, karibuni." Angejuaje?

Sikubishana. Nilimtumia video niliyopiga mwanzoni mwa Mei: mitumbwi inarudi alfajiri, samaki wanapasuliwa, wanapangwa juu ya moshi. Halafu nikamweleza asili yake.

Mgebuka ni wa Ziwa Tanganyika tu, ziwa jingine hayupo. Chakula chake ni dagaa. Usiku dagaa wanafuata taa za wavuvi, mgebuka anawafuata dagaa, wote wanaingia wavuni. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu mzigo unakuwa haba na bei inapanda: taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi.

Mawese nayo yana safari yake. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, lakini Kigoma umeshakuwa wa kwetu. Mgebuka mkavu unamwosha kwa maji ya moto, unamchemsha na nyanya na kitunguu, unatia mawese, unaacha mpaka mchuzi uwe mwekundu na mzito. Pembeni ugali wa muhogo.

Hela hakuidai tena. Mzigo ulipofika, alinitumia picha ya sufuria.

Ukija huku, kula wapi? Ilagala, waulize mama ntilie wa karibu na kivuko cha Mto Malagarasi. Kigoma mjini, wahi asubuhi mwaloni Kibirizi, ule samaki aliyetoka majini usiku huohuo. Kama hukuona mawese kwenye mchuzi, agiza upya!

Nilichojifunza, nawe kichukue:

1. Andika mzigo umetoka wapi na umeununua lini. Mteja wa mtandaoni hawezi kushika wala kunusa.
2. Piga video siku ya kununua. Ukisubiri malalamiko, umechelewa.
3. Jua msimu wa bidhaa yako. Ziwa likifungwa au mwezi ukiwa mpevu, waambie wateja mapema kwa nini bei imepanda.
4. Samaki wa ziwa jingine usimwite wa Kigoma. Anayejua ladha atakuumbua hadharani.

Wewe unauza nini, na asili yake unaijua? Tuandikie hapo chini.