Uzito wa neno ‘tu’ katika jiometri isiyo na mchoro

WANAOPINGA hisabati kufundishwa kwa Kiswahili wana hoja moja waipendayo: kwamba lugha hii haina istilahi. Watakuuliza, kwa mfano, ‘aksiomu’ utaiitaje? Mimi huwajibu kwamba nimekwisha kuiita: aksiomu. Ni kauli tunayokubaliana kuanzia kwayo bila kuithibitisha, ili tuthibitishe nyingine. Istilahi ni tatizo dogo, na watoto wa shule za msingi za umma nchini Tanzania hupiga hesabu kwa Kiswahili kila uchao. Kazi iko kwingine, na leo ningependa tuione kupitia tawi la jiometri linalouliza jambo moja pekee: nukta ipi iko kwenye mstari upi. Humo hamna urefu, hamna pembe, wala rula haihitajiki.

Euclid, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alianza kwa kujaribu kufafanua nukta ni nini na mstari ni nini. Mjerumani David Hilbert, katika kitabu chake cha 1899 kuhusu misingi ya jiometri, hakujisumbua. Aliyaacha maneno hayo bila fasili, akaeleza tu jinsi yanavyohusiana. Inasimuliwa kuwa aliwahi kusema mahali pa nukta, mistari na bapa tungeweza kuweka meza, viti na vikombe vya bia, na jiometri isiharibike. Katika umbo jepesi linalofundishwa leo, aksiomu ni tatu. Kwanza, kwa nukta zozote mbili tofauti, kuna mstari mmoja tu unaozipitia zote mbili. Pili, kila mstari una angalau nukta mbili. Tatu, kuna nukta tatu ambazo hakuna mstari hata mmoja unaozipitia zote.

Hebu zisome tena polepole. ‘Nukta’ na ‘mstari’ hazijabeba chochote. Mzigo wote uko kwa ‘zozote’, ‘tofauti’, ‘angalau’ na ‘tu’. Ondoa ‘tu’ uone. Kwa Kiswahili, ‘kuna mstari mmoja’ yaweza kumaanisha ‘kuna mstari fulani’, kama vile tusemavyo ‘kuna mtu mmoja alikuja kukuulizia’ bila nia ya kuhesabu watu. Ni ‘tu’ inayomfungia mlango mstari wa pili. Ile ya tatu nayo, wanafunzi wangu wengi huiandika hivi: ‘nukta zote tatu haziko kwenye mstari mmoja’. Ina maana gani hiyo? Ukisikia ‘wanafunzi wote hawakufika’, je, darasa lilikuwa tupu, au walikosekana baadhi? Tofauti na ‘si wanafunzi wote waliofika’, ambayo haimbabaishi mtu. Kiswahili kinao uwezo wa kutenganisha maana hizo mbili; wavivu ni sisi.

Sasa tuthibitishe kitu. Dai: mistari miwili tofauti haikutani katika nukta zaidi ya moja. Usichore, maana mchoro utakushawishi kabla hujafikiri. Chukulia kwamba mistari hiyo imekutana katika nukta mbili tofauti. Aksiomu ya kwanza yasema nukta hizo zinapitiwa na mstari mmoja tu. Basi hiyo mistari yetu miwili ni mstari uleule, ilhali tulisema ni tofauti. Tumejipinga, dai limesimama. Bila ‘tu’, uthibitisho wote ungeporomoka.

Kwa kuwa maneno hayana fasili, tunaruhusiwa kuyavisha maana nyingine. Tuseme ‘nukta’ ni mwanachama wa chama fulani kijijini, na ‘mstari’ ni kamati. Amina, Barasa na Chebet wana kamati tatu za watu wawili wawili. Kagua: aksiomu zote tatu zinatimia. Mistari ‘sambamba’ hapa ni kamati zisizo na mwanachama wa pamoja. Je, kuna kamati ya Chebet iliyo sambamba na ile ya Amina na Barasa? Hakuna. Mwongeze Dida, kamati za wawili wawili ziwe sita: sasa ipo moja tu, ya Chebet na Dida. Mwongeze Ekiru, ziwe kumi: zipo mbili, Chebet na Dida, Chebet na Ekiru.

Hapo ndipo penye utamu. Kauli kwamba kupitia nukta iliyo nje ya mstari kuna mstari mmoja tu ulio sambamba nao ni kweli kwa watu wanne, si kweli kwa watatu wala watano. Kwa hivyo aksiomu zetu tatu haziwezi kuithibitisha, wala kuikanusha. Hoja ya namna hiyohiyo, kwa mifano mizito zaidi, ndiyo iliyomaliza katika karne ya 19 juhudi za miaka elfu mbili za kuitoa kauli ya Euclid kuhusu mistari sambamba katika aksiomu zake nyingine. Kiswahili hutofautisha hali hizo mbili kwa kiambishi kidogo. ‘Haijathibitishwa’ humaanisha bado tunatafuta. ‘Haithibitishiki’ humaanisha acha kutafuta.

Anayetaka kuendelea ajaribu chama cha watu saba, kamati za watatu watatu, kila wawili wakutane katika kamati moja tu. Inawezekana, na mpangilio huo una jina la Mwitalia Gino Fano. Hesabu kamati zitakuwa ngapi, kisha utafute zilizo sambamba.