Hesabu za Wakati Upande wa Bara wa Mombasa

Watu wengi wa mjini hudhani kwamba wakati hupimwa kwa saa na kalenda ya ukutani tu. Lakini huko Likoni, Kisauni na Changamwe ziko hesabu kadhaa, na kila moja ina kazi yake. Atumiaye isiyofaa kwa kazi yake hupata hasara.

Ya kwanza ni hesabu ya mwezi. Kwa hiyo Waislamu hujua Ramadhani na sikukuu zao, na mvuvi hujua maji. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu.

Lakini mwezi haumfai mkulima. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 au 355, na mwaka wa jua ni siku 365 na robo. Kwa hiyo Ramadhani hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka. Mara huangukia wakati wa jua kali, mara wakati wa masika. Apandaye kwa kuufuata mwezi huo, iko siku atazika mbegu zake katika mchanga mkavu.

Ndiyo sababu wazee wa pwani walishika hesabu nyingine, ianzayo Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Walihesabu siku kumi kumi, na kila kumi waliiita mwongo. Miongo 36 na siku 5 ni siku 365. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini kaskazi itakatika na kusi ianze, na mkulima alijua lini asafishe shamba. Hata hivyo, hesabu hii haina siku ya kufidia robo ile. Basi husogea siku moja kila miaka minne.

Wadigo na ndugu zao wa Mijikenda huziita mvua kubwa za Aprili na Mei kwa jina la mwaka. Ndipo tuonapo kwamba kwa mkulima mwaka ni mvua kwanza, tarehe baadaye.

Na saa yetu je? Mombasa iko karibu na Ikweta, jua hutoka karibu wakati ule ule siku zote. Ndipo saa moja ya asubuhi ikawa saa ya kwanza ya mchana, hata kwa mfanyakazi wa Changamwe aendaye zamu.

Lakini majira nayo huweza kudanganya. Mwaka 1997 vuli, ambayo kwa desturi ni mvua ndogo, ilileta mafuriko makubwa Mombasa. Basi mkulima mwenye busara hutazama upepo na mawingu, huwauliza wazee, tena husikiliza habari za hali ya hewa, ndipo atiapo mbegu ardhini.