Kwa Nini Daftari la Kliniki ya Kisukari Lina Thamani

Siku hizi tunasikia kwamba kompyuta inaweza kukadiria nani yumo katika hatari ya kupata mshtuko wa moyo. Ni kweli kwa kiasi fulani. Ni vema kamati za sharika na wafadhili wetu waelewe hesabu hiyo inafanyikaje, kwa sababu inaanzia kwenye daftari.

Mwaka 1948 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia wakazi 5,209 wa mji wa Framingham, Massachusetts. Waliwapima, wakawaita tena kila baada ya miaka miwili, wakaandika nani aliugua na nani alifariki. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba shinikizo la damu, sigara na kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo.

Hata hivyo, watu elfu tano hawatoshi kwa kila swali. Tuseme unataka kujua hatari aliyo nayo mama mnene wa miaka 45, mwenye kisukari, asiyevuta sigara. Toa wanaume, toa wa umri mwingine, toa wasio na kisukari, toa wembamba na wavuta sigara. Wanaobaki ni wachache mno, na pengine hakuna hata mmoja wao aliyepata mshtuko wa moyo. Ndiyo sababu kumbukumbu za tafiti nyingi huunganishwa. Mwaka 2010 uchambuzi wa tafiti 102, zenye watu karibu 700,000, ulionyesha kwamba kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara mbili, hata baada ya kuzingatia unene na shinikizo la damu.

Kuhusu unene wenyewe, utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, ulionyesha mwaka 2005 kwamba mzunguko wa kiuno ukilinganishwa na wa nyonga hubashiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko uzito ukilinganishwa na urefu. Kitambi, ambacho wengi wetu bado tunakisifu kuwa dalili ya neema, kinasema mengi kuliko mizani. Utepe wa fundi cherehani unatosha kukipima.

Lakini wingi wa takwimu si uhakika. UK Biobank ya Uingereza iliandikisha watu nusu milioni kati ya 2006 na 2010. Walioalikwa walikuwa zaidi ya milioni tisa, na wachache waliokubali walikuwa na afya bora kuliko wananchi wa kawaida. Tena wengi mno walikuwa wazungu. Kompyuta hujifunza kwa wale walioandikwa tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya za kukadiria hatari ya miaka kumi ijayo, zikiwa zimerekebishwa kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwamo. Ipo chati inayotumia vipimo vya maabara, ikiwamo lehemu, na inahesabu kisukari. Ipo nyingine isiyohitaji maabara: umri, jinsia, sigara, shinikizo la damu, uzito na urefu. Hii inafaa sana zahanati za vijijini, ila haina nafasi ya kisukari, hivyo mhudumu asimtulize mgonjwa wa kisukari kwa sababu tu ameangukia rangi ya kijani. Isitoshe, kanuni ya chati hizo ilitokana na watu 376,177 ambao wengi wao walikuwa wa nchi tajiri. Sisi tumesogezewa hesabu ya wenzetu kwa kutumia makadirio.

Pengo letu kubwa, kwa maoni yangu, si kompyuta. Ni safu ya mwisho ya daftari. Vipimo vya mgonjwa vinaandikwa miezi sita, kisha linaandikwa neno "hakurudi". Je, alihama? Alishindwa nauli? Alifia nyumbani kwa kiharusi? Zahanati haijui, lakini mzee wa kanisa wa mtaa ule anajua, kwani alikuwapo mazishini. Bila habari hiyo, vipimo vyote vya awali havifundishi lolote kuhusu hatari.

Anayeomba msaada wa kompyuta kwa ajili ya zahanati aombe pia mshahara wa mtu wa kufuatilia wasiorudi. Na mgonjwa aombwe ridhaa siku ya kwanza anapoandikishwa, aelezwe nani ataulizwa habari zake na zitatumikaje. Habari za ugonjwa wake hazitangazwi kwenye kikao cha kamati.