Mbulu hadi Katesh: Mtindi mtamu, ila maziwa yachemshwe kwanza

MSAFIRI anayekwenda Zanzibar huambiwa asikose pilau na urojo. Akivuka kwenda Uganda ataelekezwa kwenye matoke. Ila sema unakwenda Mbulu au Hanang, utaonywa kuhusu baridi tu. Chakula hakuna anayekitaja, na hapo umenyimwa nusu ya safari.

Mbulu, kwa Wairaqw, nilichokipenda zaidi ni ugali kwa maziwa ya mgando. Makande ya kule nayo hayana haraka: mahindi na maharage yanakaa motoni mpaka yalainike, na vitunguu saumu vinalimwa huko huko. Kwa mtoto aliyeanza kutafuna vizuri, makande yaliyopondwa na kikombe cha maziwa pembeni ni mlo kamili kuliko chipsi za stendi.

Ukishuka Hanang kwa Wadatoga, maziwa ndiyo chakula chenyewe. Yanagandishwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na ladha yake haifanani na mtindi wowote wa pakiti. Nikiulizwa mshindi wa safari, ni huu.

Tatizo ni kwamba mara nyingi maziwa hayo hayajachemshwa. Wengi husema yakichemshwa ladha inapotea. Lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Kwa binadamu brusela huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Ni rahisi kudhani ni malaria. Kama mtoto anarudiwa na homa na kipimo cha malaria hakioni kitu, mweleze daktari kwamba nyumbani mnakunywa maziwa mabichi.

Mtindi haulazimiki kufa kwa sababu hiyo. Chemsha maziwa mpaka yapande, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitumia mgando wa maziwa mabichi, umerudisha vijidudu ulivyoviua. Moshi wa kibuyu unabaki kama kawaida. Hauui vijidudu hivyo, lakini utamu wake si wa kuacha.

Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe, kuna ubuyu, mizizi, nyama ya kuwinda na asali. Unga wa ubuyu una vitamini C na unafaa kwenye uji uliokwisha kupoa kidogo. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ya kulamba: inaweza kuwa na vimelea vya sumu inayolegeza misuli yake. Na aliye chini ya miezi sita, mgeni au mwenyeji, chakula chake ni ziwa la mama tu.

Ukibakiwa na muda kabla ya Katesh, pitia Basotu ule samaki wa ziwani. Wa mtoto mtolee miba kwa vidole, usiamini macho.