Chapati za Unga Kamili: Jinsi ya Kuzipika Nyumbani

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa huitwa pumba. Ndani kuna sehemu nyeupe yenye wanga, nayo ndiyo kubwa kupita zote. Pembeni kuna kiini kidogo, na hicho ndicho kinachoota punje ikipandwa. Kinu kinapotengeneza unga mweupe huondoa ganda na kiini, kikabakiza ile sehemu nyeupe. Pumba hazitupwi, hutiwa katika magunia na kuuzwa kwa wafugaji. Hivyo ng'ombe hupata sehemu yenye vitamini na madini mengi, na mwenye ng'ombe hula kilichosalia.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye vinu kutia madini ya chuma na baadhi ya vitamini katika unga wa ngano unaouzwa katika mifuko, na jambo hilo ni jema. Lakini nyuzinyuzi za pumba hazirudishwi. Katika gramu 100 za unga kamili mna nyuzinyuzi kiasi cha gramu 10, na katika unga mweupe gramu 3 hivi. Nyuzinyuzi husaidia choo kupita bila taabu, hushibisha, na hupunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Haifuati kwamba mgonjwa wa kisukari aweza kula chapati bila kuhesabu. Ngano ni ngano.

Chapati ilitoka Bara Hindi. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa, kati ya mwaka 1896 na 1901, wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko, wengi wao wakiwa watu wa Punjab, na chapati ilikuwa katika vyakula vyao. Katika nyumba za Punjab mpaka leo chapati ya kila siku hupikwa kwa unga kamili uitwao ata, hukandwa kwa maji, na haikaangwi. Samli kidogo hupakwa juu baada ya kuiva. Chapati tuliyoizoea Kenya, yenye tabaka na mafuta, inafanana zaidi na mkate mwingine wa Kihindi uitwao paratha. Si chakula kibaya kwa siku ya sikukuu. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, nayo si pungufu ya chapati kavu nzima. Na bei ya mafuta kila mama wa nyumba aijua.

Wengi waliojaribu unga kamili waliuacha upesi kwa sababu chapati zilikuwa ngumu kama ngozi kavu. Unga haukuwa na kosa. Ulikandwa kana kwamba ni unga mweupe.

KUKANDA

Chukua vikombe viwili vya unga kamili, yaani gramu 250 hivi, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usiuchekeche kwa chekecheke la macho madogo, maana utazitoa pumba ulizozitafuta. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, robo tatu za kikombe kwanza, kisha uongeze kadiri unga utakavyotaka. Mara nyingi hukaribia kikombe kizima. Pumba hunywa maji mengi, tena huyanywa polepole. Kwa hiyo donge linapokuwa jipya yafaa liwe laini kuliko ulivyozoea, hata linate kidogo vidoleni. Usikimbilie kuongeza unga mkavu. Hapo ndipo wengi huziharibu chapati zao.

Kanda kwa dakika nane au kumi, kisha funika kwa kitambaa chenye unyevu na uliache donge nusu saa. Muda huo si wa bure. Pumba hulainika, na ile sehemu ya ngano inayovutika, iitwayo glutini, hulegea, nawe utaweza kusukuma chapati bila kujirudi. Hamira haihitajiki.

Kata madonge manane, kila moja kama yai dogo. Sukuma kila donge mpaka lifikie upana wa sentimita 16 au zaidi, na unene uwe sawasawa kila mahali. Mara nyingi kingo hubaki nene na katikati pakawa pembamba. Chapati ya namna hiyo haiumuki vizuri.

KUPIKA

Tawa liwe na moto wa kutosha kabla ya chapati ya kwanza. Nyunyiza chembe za unga juu yake. Zikigeuka rangi ya kahawia mara moja, tawa ni tayari. Tawa lenye moto mdogo huikausha chapati kabla haijaiva. Weka chapati bila mafuta. Baada ya nusu dakika utaona vijipovu, igeuze. Upande wa pili uache kwa muda wa dakika moja, mpaka yaonekane madoa ya kahawia. Geuza tena, na uibonyeze taratibu pembeni kwa kitambaa kilichokunjwa. Mwenye jiko la makaa aweza kuweka wavu juu ya makaa yasiyotoa moshi na kuilaza chapati hapo kwa koleo. Itaumuka kama mpira, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yamegeuka mvuke na kuzitenga ngozi mbili za chapati. Ikiwa na tundu, mvuke hutoka na chapati hailali vibaya, huliwa tu. Zifunge zote katika kitambaa safi ndani ya kikapu, zisikauke.

Si kila mfuko ulioandikwa ata una unga kamili. Soma maandishi, na utazame kama vipande vya pumba vyaonekana. Mkulima wa Narok au Uasin Gishu aweza kupeleka ngano yake mwenyewe kwenye mashine ya posho. Lakini iwe ngano ya chakula, wala isiwe mbegu ya kupandwa iliyotiwa dawa, kwa maana kuosha hakuondoi sumu. Huko Iraq, katika majira ya baridi ya 1971 na 1972, watu wa mashambani walisaga mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya zebaki wakaoka mikate nyumbani. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa hospitalini, na 459 walifia humo.

Wenye mtama au wimbi nyumbani waweza kuchanganya sehemu moja ya unga huo na sehemu mbili za ngano. Ukizidisha, chapati itapasuka, kwa sababu nafaka hizo hazina glutini.

Unga kamili hauwekeki muda mrefu kama unga mweupe. Kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta hayo huchacha, hasa penye joto kama Mombasa au Kisumu. Nunua unga wa kutosha mwezi mmoja, uweke katika mkebe wenye kifuniko mahali pa baridi, na ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa, usiupike.