Mjumbe Aendaye Addis Ababa Ajitayarishe

Kwa kawaida, kila ufikapo mwezi wa Februari, wakuu wa nchi za Bara letu hukutana mjini Addis Ababa, na kabla yao hutangulia mawaziri, mabalozi na wataalamu. Miezi mingine nayo haipiti bila ya mikutano midogo midogo katika mji huo huo, ambako Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliasisiwa tarehe 25 Mei, 1963. Miongoni mwa wanaokwenda huko wamo watumishi wa visiwa vyetu, wenye kuzungumzia bahari, uvuvi, afya na biashara.

Safari kama hiyo si matembezi. Nauli na posho ni fedha za umma, na kiti anachokalia mjumbe ni cha wale waliomtuma. Mjumbe akishindwa kutoka kitandani kwa maumivu ya kichwa, au akafika ukumbini azimio limekwisha kupitishwa, hasara si yake peke yake. Ni ya mvuvi na mkulima waliobaki nyumbani. Kwa hiyo matayarisho ya safari ni sehemu ya kazi yenyewe, na yanastahili kufikiriwa mapema, na mjumbe pamoja na ofisi inayompeleka.

Jambo la kwanza ni mwinuko. Unguja wala Pemba hakuna kilima kifikacho mita 150, hali Addis Ababa imejengwa juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu robo. Mtu aliyezoea pwani huweza kuumwa na kichwa, kukosa usingizi na kuhema akipanda ngazi. Dawa yake ni kupumzika siku ya kwanza, kunywa maji kwa wingi na kuepuka kazi nzito. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au wa selimundu hana budi kumwona daktari kabla ya kukata tiketi. Nazo ofisi zisidhani zinabana matumizi kwa kumfikisha mjumbe usiku wa kuamkia mkutano. Siku moja ya ziada ni rahisi kuliko kikao kizima kilichopotea.

Jambo la pili ni saa. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, tangu kupambazuka, hata saa tatu yao ya asubuhi ni saa tatu yetu. Hilo hutufurahisha, lakini lina mtego wake. Karatasi za mkutano na tiketi za ndege hufuata saa za Kizungu. 15:00 ni saa tisa alasiri. Tena dereva akikutajia saa kwa Kiingereza, huenda bado anahesabu kwa desturi ya kwao. Mwulize kama ni asubuhi au jioni, kisha mhakikishe pamoja. Na ndege iliyoandikwa 00:30 ya Jumatatu huondoka usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Asiyeangalia huifuata kesho yake.

Kalenda nayo ni nyingine. Mwaka wa Ethiopia una miezi 13, huanza mwezi wa Septemba, na hesabu yake iko nyuma ya ile tuitumiayo kwa miaka saba au minane. Februari 2025 huko ilikuwa mwaka wa 2017. Risiti ya hoteli au ya teksi huweza kuandikwa tarehe hiyo, na mkaguzi wa hesabu akaidhani ya kughushi. Mjumbe aombe tarehe zote mbili ziandikwe, naye mhasibu alifahamu jambo hili kabla ya kukataa madai. Tukiwa katika fedha, ikumbukwe kwamba tangu Julai 2024 thamani ya birr imeachiwa soko. Makadirio ya posho yasitegemee jalada la zamani, na fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni.

Mavazi yasisahauliwe. Usiku wa Addis Ababa ni wa baridi hata wakati wa kiangazi, na mvua kubwa hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Koti zito si anasa. Katika chakula, Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa kwa kuacha nyama na maziwa, kwa hiyo siku hizo vyakula vya mboga na dengu hupatikana kwa urahisi. Waislamu ni kiasi cha thuluthi moja ya watu wa nchi ile. Mwenye kutafuta nyama ya halali aulizie mikahawa yao.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti, maana huweza kuulizwa wakati wa kurudi nyumbani. Chanjo hutambuliwa baada ya siku 10, na tangu mwaka 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote.

La mwisho ni lugha. Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia kwa Kiswahili katika mkutano wa wakuu mjini humo mwaka 2004, na Februari 2022 wakuu waliikubali lugha yetu kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Heshima hiyo itabaki katika makaratasi iwapo wenye lugha wenyewe wataionea haya. Mjumbe aulize mapema kama wakalimani wa Kiswahili wamewekwa katika kikao chake, na awapatie hotuba yake kabla ya kusimama.

Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Hata hivyo, aliyetangulia huweza kumwonyesha mwenziwe mwamba ulipo. Tunashauri kila Wizara imtake mjumbe arudiye aandike, pamoja na taarifa ya mkutano, ukurasa mmoja wa mambo ya njiani, na ukurasa huo asomeshwe atakayefuata kabla hajafunga mizigo yake.